Moja kwa Moja ni Digrii Ngapi

Kwa miaka mitano hivi, katika miaka ya tisini, kazi yangu ilikuwa kugeuza miteremko kuwa digrii. Nikisema hivyo watu hudhani nawachezea shere, lakini kazi ilikuwepo, na ofisi ilikuwepo pia: vyumba viwili vya mabati mjini Kajiado, nyuma ya duka la dawa za mifugo. Mkandarasi aliyetuajiri alikuwa amepewa barabara ya vumbi inayochepuka kutoka barabara ya Namanga, ikavuka njia ya reli na kupotelea mabondeni. Alitakiwa aipanue, ainyooshe na aitie makalvati ya kupitishia maji.

Shida ilikuwa kwamba mlima mmoja ulikuwa na majina matatu. Mhandisi wetu alikuwa ametoka reli, na kwake kila mlima ulikuwa moja kwa kitu fulani. Moja kwa sitini, maana yake ukienda mbele mita sitini umepanda mita moja. Michoro ya barabara nayo ilitaja asilimia: asilimia kumi ni mita kumi juu kwa kila mita mia mbele. Kingo za mashimo na za matuta zilirudia mtindo wa reli, moja kwa mbili, moja kwa moja na nusu. Na kule kazini nyapara wetu alikuwa na ubao wa plaiwudi uliokatwa nusu duara, umechorwa digrii kwa wino mzito, na uzi wenye nati ukining'inia katikati. Aliegemeza ubao kwenye mbao iliyonyooka, akangoja uzi utulie, akasoma. Ubao ule ulijua digrii tu, na nyapara hakuona sababu ya kujua zaidi.

Basi mimi nilikaa katikati yao na kile kitabu chembamba cha jedwali nilichotoka nacho sekondari. Unagawanya kimo kwa urefu wa chini, unatafuta jibu kwenye safu za tanjenti, unasoma pembe. Moja kwa sitini haifiki hata digrii moja, na bado gari la moshi lililobeba magadi huipanda likihema. Asilimia kumi, inayolifanya lori la mawe lilie kwa gia ya kwanza, ni digrii tano na karibu robo tatu. Kinachowashangaza watu zaidi ni asilimia mia. Wengi hufikiri huo ni ukuta. Si ukuta hata kidogo. Ni mita moja mbele na mita moja juu, digrii arobaini na tano, na mbuzi huupanda huku akitafuna.

Kila Ijumaa niliandika karatasi moja yenye digrii za wiki iliyofuata, na Jumatatu nikapanda pikapu, nikampelekea nyapara.

Alikuwa Mmaasai wa upande wa Isinya, amepita miaka arobaini, aliyejifunza udongo kwenye machimbo ya mawe ya Kitengela kabla hajaja kwetu. Kiswahili kilikuwa lugha yake ya pili na alikitumia kwa uangalifu, bila kupoteza neno. Maagizo aliyasikiliza mara moja, akageuka, akawaambia watu wake mara moja, na kazi ikaenda. Nilimpenda kwa hilo. Mhandisi alizungumza sana na nusu ya maneno yake yalikuwa ya kujisikiliza mwenyewe.

Nyapara alikuwa na utani mmoja tu juu yangu, na hakuuchoka.

"Takwenya, dada," alikuwa akinisalimia kwa Kimaa.

"Iko," naitikia.

"Leo umetuletea digrii ngapi? Na wewe yako iko wapi? Unagawia watu arobaini na tano, na kwa nyumba yako hakuna hata moja."

Watu wake walicheka, nami nilicheka nao, lakini sitadanganya, ulinichoma. Nilikuwa na cheti cha chuo cha ufundi na mtoto mmoja wa kulea peke yangu. Chuo kikuu nilikijua kwa kukipita barabarani. Mhandisi hakuacha kunikumbusha tofauti hiyo kwa namna alivyoniita "madam" wakati anataka chai.

Mwaka wa nne, Ijumaa moja ya mwezi wa kumi na moja, mhandisi alinikuta naandika karatasi ya wiki iliyofuata. Alikuwa na wageni wawili kutoka Nairobi, wanaume wa suti, waliokuja kuona kazi imefika wapi. Aliinyanyua karatasi yangu kwa vidole viwili.

"Madam, hii si primary school," akasema. "Mtu wa site anafaa kujua ratio. Waambie one to one, watashika. Hii ya digrii unawafanya watoto."

Wageni walitabasamu. Nikaikunja ile karatasi, nikaitupa. Siku mbili nzima nilijisemea kwamba Jumatatu nitawaonyesha kuwa nami najua kusema kama wahandisi.

Jumatatu tulikwenda wote. Kulikuwa na shimo jipya la kalvati la kuanzishwa, la kina cha mita tatu, mahali ambapo barabara inakata ardhi ya udongo mweusi. Mwenyeji wa Kitengela au Kajiado hahitaji kuelezwa udongo ule. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu na kukauka kabisa, ukadhani hautasogea. Ukinywa maji hubadilika tabia. Ndiyo maana mchoro ulitaka kingo za shimo zilale, mita moja nje kwa kila mita moja ya kina, ili wanaojenga chini wawe salama.

Nyapara alikuja, akanisalimia, akanyoosha mkono.

"Karatasi?"

"Leo hakuna karatasi," nikasema, kwa sauti ya kuwafikia wale wa suti waliosimama nyuma yangu. "Shimo hili kingo zake ni moja kwa moja."

Alinitazama. "Moja kwa moja?"

"Ndiyo."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini kabisa."

Akageuka, akawaambia watu wake, nao wakashika sururu. Nilirudi kwenye gari nimejaa kiburi. Mmoja wa wageni aliniuliza nimefanya kazi ile muda gani, nikamjibu, na njia nzima nilifurahi kwamba ameniuliza.

Nimeligeuza neno lile miaka mingi na halijawahi kuchakaa. Kwa wahandisi, moja kwa moja ni mlalo, digrii arobaini na tano. Kwa kila mtu mwingine anayesema Kiswahili, kuanzia Lunga Lunga hadi Lodwar, moja kwa moja ni kunyooka bila kupinda. Nilisema arobaini na tano na nyapara akasikia tisini, na wote wawili tulikuwa sawa. Kama ningelisema kwa Kiingereza, alivyolisema mhandisi, angeniuliza maana yake, nami ningemwambia. Ni mimi niliyelitafsiri, mtu ambaye mshahara wake ulikuwa wa kutafsiri.

Walichimba Jumatatu hiyo na Jumanne, kingo zikasimama wima, safi, kazi ya watu wanaojua kazi. Hakuna aliyepita kuwakagua, maana mhandisi alikuwa na wageni wake na mimi nilikuwa na michoro ya kunakili. Jumatano mvua ikanyesha mchana kutwa. Alhamisi asubuhi jua lilitoka, na watu wakashuka shimoni kupanga mawe ya msingi.

Tuliitwa kabla ya saa sita. Tulipofika, ukuta wa upande wa kushoto ulikuwa umeketi wote ndani ya shimo. Wawili walikuwa wametoka, wamepakwa tope hadi kwenye nyusi. Wa tatu alikuwa chini. Nyapara na watu wake walikuwa wanachimba kwa mikono kwa sababu waliogopa kumpiga mwenzao kwa beleshi. Nyapara alikuwa mbele. Kucha zake mbili zilikuwa zimeng'oka na hakujua.

Walimtoa ameshakufa. Alikuwa Mkamba mwenzangu wa upande wa Makueni, tuliyezungumza naye Kikamba wakati wa chakula, mpole, mwenye tabia ya kukunja shati lake vizuri na kuliweka juu ya jiwe kabla ya kuanza kazi. Shati lilikuwa pale pale kwenye jiwe. Nililiona, na hapo ndipo nilipoelewa nilichosema Jumatatu. Sikuambiwa na mtu. Nilitazama upande wa kulia wa shimo, ambao ulikuwa bado umesimama, umenyooka kama nilivyoagiza.

Polisi walikuwa njiani kutoka mjini. Mhandisi alinivuta kando ya pikapu na kuniuliza kama nilikuwa nimeandika karatasi ya wiki. Nikamwambia iko ofisini. Akasema twende tukailete. Ofisini alikwenda kwanza kwenye simu, nami nikakaa mezani kwangu, nikaandika karatasi ya Jumatatu siku ya Alhamisi. Kingo za shimo la kalvati, digrii arobaini na tano. Mwandiko wangu haukutetemeka. Hilo linanitisha kuliko yote.

Tuliporudi, mhandisi alimuuliza nyapara mbele ya polisi na mbele ya watu wake wote.

"Nani alikuambia uchimbe wima?"

"Ni dada. Alisema moja kwa moja."

Mhandisi akanigeukia. Sijui kama alikumbuka maneno yake ya Ijumaa. Nafikiri alikumbuka, na nafikiri alitaka nifanye kile nilichofanya.

"Nilisema digrii arobaini na tano," nikajibu. "Iko kwenye karatasi."

"Siku hiyo hukuleta karatasi," nyapara akasema.

"Nilileta. Labda uliipoteza. Nakala ndiyo hii."

Nilimpa. Aliishika kwa mikono yake ile yenye tope na damu, akaisoma taratibu, akanitazama usoni. Nilidhani atapiga kelele. Nilikuwa tayari kwa kelele, ningeweza kujibu kelele. Lakini yeye alikuwa anatafuta kitu kichwani mwake.

"Uliniambia digrii?"

"Nilikuambia digrii. Lini nimewahi kukuambia kitu kingine?"

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililommaliza. Kwa miaka minne sikuwahi kumtamkia chochote ila digrii, na karatasi zangu hazikuwahi kukosea. Aliniamini mimi kuliko alivyojiamini mwenyewe. Nikaona kwa macho yangu jinsi alivyoliachilia lile neno alilolisikia.

"Basi ni masikio yangu," akasema.

"Masikio yako yameua mtu," mhandisi akamwambia.

Nyapara alinirudishia karatasi. Aliwaambia watu wake kitu kwa sauti ya chini, akaenda kukaa peke yake kwenye tuta hadi polisi walipomaliza kuandika. Hakufungwa. Waliandika ajali, na akaachishwa kazi siku hiyo hiyo. Nilimwona akienda kwa miguu kuelekea barabara ya Namanga, na sikumwita.

Ningeweza kusema nilikuwa na mtoto. Nilikuwa na mtoto kweli, na niliogopa jela, na niliogopa kurudi kwetu mikono mitupu. Lakini mtu aliyekufa naye alikuwa na watoto, na nyapara alikuwa na watoto, kwa hiyo sababu hiyo nimeacha kuitoa. Mke wa marehemu alikuja ofisini wiki iliyofuata kuchukua vitu vyake. Nilimpikia chai. Alinishukuru kwa Kikamba, akanibariki. Kwake sijaenda mpaka leo, na siwezi kuahidi kwamba nitakwenda.

Nilibaki pale mwaka mmoja na nusu. Mhandisi alinisifu mbele ya wageni kwa kutunza kumbukumbu vizuri. Barabara ilikamilika, maji yakapita kwenye lile kalvati, magari yakapita juu yake, na nikahamia Kitengela.

Kitengela ya mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ilikuwa inauzwa vipande vipande. Kila asubuhi kulikuwa na ua mpya mahali ambapo jana yake ng'ombe walipita. Nilipata kazi ya kupima misingi ya nyumba na mashimo ya maji taka, na nikawa mtu mkali. Mafundi hawakunipenda. Nilishuka kila shimo mwenyewe kabla ya mtu yeyote kushuka. Nilipiga marufuku neno lile kwenye kazi zangu zote, bila kueleza sababu, na vijana wakanicheka kwa Sheng wakifikiri sielewi. Hata mtu akiniuliza njia sikuweza kumwambia aende moja kwa moja. Nilimwambia anyooshe tu, mpaka aone kanisa.

Nilijua nyapara yuko hai. Kajiado si mbali, na habari husafiri na mifugo. Nilijua pia kwamba hakupata tena unyapara popote. Kila mwaka nilijiambia nitamtafuta baada ya mvua. Nilikuwa mwoga, sina neno lingine. Ikapita miaka tisa.

Siku moja nilitumwa Kajiado kwenye ofisi za ardhi kuchukua ramani ya kiwanja. Karani alinambia ningoje hadi alasiri. Ilikuwa siku ya soko la mifugo, nikatembea upande huo ili kupoteza muda, na nikamwona. Alikuwa amesimama na mbuzi sita, mkewe kando yake. Nywele zilikuwa zimeingia mvi zote. Mfanyabiashara Msomali alikuwa ameinama akimkagua mbuzi jike mmoja.

"Huyu amezaa mara ngapi, mzee?" akauliza.

Nyapara akamgeukia mkewe. "Ameuliza nini?"

Mkewe akamwambia. Ndipo akajibu. Yule mnunuzi akauliza jambo lingine, kwa sauti ya juu zaidi sasa, na tena nyapara akamgeukia mkewe kwanza. Nikafikiri, basi, amekuwa kiziwi, na nikaona unafuu wa ajabu ambao naukumbuka kwa aibu: kama amekuwa kiziwi, huenda hata wakati ule masikio yake yalikuwa yameanza kuharibika.

Mnunuzi akaondoka bila kununua. Nilisogea, nikasimama nyuma ya nyapara, na salamu yangu ikatoka kwa kunong'ona.

"Supai."

"Ipa," akaitikia papo hapo, kabla hata hajageuka.

Aliponiona alinitambua. Alinipa mkono, akamwambia mkewe kwamba huyu ndiye dada wa digrii. Mama yule alinitazama bila kutabasamu. Nyapara aliniuliza habari za mtoto wangu, na nilipomjibu alimtazama mkewe, naye akalirudia jibu langu kwa Kimaa, neno kwa neno.

Sikuweza kuvumilia. Nikamuuliza mama, "Mzee amepoteza kusikia?"

"Anasikia," akasema. "Anasikia mbuzi akikohoa kwa boma ya jirani. Lakini haamini. Tangu ile kazi yenu, kitu yote akiambiwa lazima aniulize. Watu walikuja kuposa msichana wetu, akanyamaza, akawacha ndugu yake aongee. Anasema anaweza kusikia vibaya tena na mtu akufe."

Nyapara alikuwa anatazama mbuzi wake. Niliona anasikia kila neno na kwamba anaona haya.

Nikamwambia. Sikupamba. Nilisema kwamba ile Jumatatu sikuleta karatasi. Kwamba nilitamka moja kwa moja, kama alivyosikia, nikaongeza mpaka chini kabisa, kama alivyosikia. Kwamba karatasi niliiandika mtu akiwa ameshakufa. Kwamba nilimdanganya yeye, na polisi, na wote.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza, akamgeukia mkewe.

"Amesema nini?"

Mama alinigeukia. Machozi yalikuwa yamemjaa, ya hasira, na hasira ile ilikuwa haki yake. Akaniambia mimi, "Mwambie tena."

Nilirudia yote. Kuungama mara moja nilikuwa nimejiandaa nako kwa miaka. Kwa mara ya pili sikuwa na maneno yaliyopangwa, nikasema tu: ulisikia sawa, mimi ndiye niliyesema, mimi ndiye niliyedanganya. Watu wawili watatu walikuwa wamesimama karibu, wakisikiliza, na sikujali.

Nyapara akamgeukia tena mkewe. Safari hii hakuuliza nilichosema. Alisema polepole, kwa Kiswahili, ili nami nisikie.

"Mimi nimesikia anasema alidanganya. Ni hivyo?"

"Ni hivyo," mkewe akamwambia. "Ni hivyo amesema."

Hakunitukana wala hakunisamehe. Alisimama pale kati ya mbuzi wake, mzee wa nywele nyeupe, akahesabu kitu kimyakimya, midomo ikichezacheza, kisha akasema, si kwangu wala kwa mkewe:

"Kumbe miaka hii yote nilikuwa nasikia."